Miaka tisa ya Cam McCormick: alikalia nafasi ya mtu au alichukua kilicho chake?

Kama hufuatilii futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya helmeti na mpira uliochongoka, hii stori inawezekana imekupita. Kuna jamaa anaitwa Cam McCormick, aliingia chuo kikuu cha Oregon mwaka 2016 akitokea sekondari ya Summit mjini Bend, jimbo hilohilo la Oregon, dogo tu katoka shule, na msimu wake wa mwisho wa chuo kaucheza 2024 akiwa na Miami na umri wa miaka 26. Hesabu kwa vidole, ni misimu tisa. Yaani walioanza nao darasani wameshamaliza, wameajiriwa, wengine wana watoto wanaenda chekechea, yeye bado anavaa jezi ya chuo. NCAA, hicho ndicho chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kilipomruhusu arudi kwa mwaka wa tisa utani ulikuwa mwingi sana mtandaoni, na mimi sina shida na utani, ila chini ya utani kulikuwa na lawama ya kweli kabisa: kwamba huyu mtu mzima anakalia kiti ambacho kingekuwa cha dogo wa miaka 18, na kwamba sheria inayoruhusu hivyo imeoza.

Lawama hiyo naichukulia serious. Nadhani nusu yake ni sahihi na nusu imemwangukia mtu asiyehusika.

Tuanze na ratiba yenyewe maana wengi wanabishana bila kuijua. 2016 anafika Oregon, hachezi, anapewa redishati, ule mwaka ambao unafanya mazoezi na timu, unakula vizuri, unajenga mwili, na msimu hauhesabiwi kwenye ile misimu minne ambayo kila mchezaji anaruhusiwa kucheza. Hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa taiti endi, nafasi anayocheza McCormick, nitaeleza kwa nini. Timu mwaka ule ilikuwa mbovu, ushindi mechi nne vipigo nane, kocha Mark Helfrich akafukuzwa. 2017 anakuja Willie Taggart, McCormick anacheza msimu mzima, anaonekana ana kitu, halafu Taggart naye hata Krismasi haijafika kashaondoka kwenda Florida State na timu anakabidhiwa Mario Cristobal. Shika hilo jina.

2018, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, wapinzani Bowling Green, mechi ambayo kwa Oregon ni ya kupasha misuli tu, mguu unavunjika, ule mfupa mwembamba wa chini ya goti pamoja na kano za enka. Msimu umeishia hapo. Na mguu ukagoma kupona inavyotakiwa, operesheni ikazaa operesheni, 2019 hakucheza, 2020 hakucheza, mwaka wa korona huo. 2021 hatimaye yuko fiti, mechi ya pili ya msimu wanasafiri mpaka Ohio State, uwanja unaoingiza zaidi ya watu laki moja, Oregon wanashinda 35 kwa 28, ushindi ambao watu wa kule bado wanauongelea, na katika mechi hiyohiyo McCormick anakatika mshipa wa kisigino. Kama umewahi kuona mchezaji wa mpira wetu wa miguu amekatika mshipa ule unajua ni kitu cha namna gani, wengi hawarudi walivyokuwa.

2022 kocha ni wa nne sasa, Dan Lanning, maana Cristobal kaenda zake Miami. McCormick anarudi na msimu huu anaumaliza mzima. 2023 anamfuata Cristobal Miami, anacheza. 2024 anacheza tena. Basi.

Sasa ukichukua ile misimu tisa ukaanza kuipunguza unakuta hivi: 2016 ni redishati ambayo kila mtu ana haki nayo, 2020 ni mwaka wa korona ambao NCAA iliufuta kwa wachezaji wote bila kumuuliza mtu alikuwa mzima au mgonjwa, 2018 na 2019 na 2021 ni mguu na kisigino. Iliyobaki ni 2017, 2022, 2023 na 2024. Minne. Sheria ya wakati wake ilisema mchezaji anapata misimu minne ndani ya miaka mitano, na McCormick kapata misimu minne, sio mitano wala sita. Kilichoongezwa kwake ni saa tu, ile miaka mitano ilinyooshwa ikawa tisa kwa sababu sheria yenyewe inaruhusu ukiumia mapema kwenye msimu ule msimu usihesabiwe, na inaruhusu saa iongezwe kama umekosa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako.

Watu wengi wanaposikia miaka tisa wanadhani jamaa kacheza miaka tisa. Hapana bwana, kacheza minne na mitano kaitumia kwa daktari, gym na benchi. Kama hii ni starehe basi ni starehe ya ajabu sana.

Ila nisiwe mnyimi kwa upande wa pili, maana wana hoja nzito na mara nyingi wanaomtetea McCormick wanaziruka.

Hoja ya kwanza ni ya hesabu tupu. Mpaka mwaka 2024 timu ya daraja la juu ilikuwa na skolashipu 85 na si zaidi. Themanini na tano. Kila moja ikishikwa na mtu maana yake kuna mwingine kakosa, hakuna namna ya kuzunguka hilo. Dogo aliyemaliza sekondari 2024 alikuwa na kama miaka kumi McCormick alipoingia Oregon, alikuwa anasoma shule ya msingi, na sasa anashindana naye kwa nafasi moja. Na kule skolashipu ya futiboli kwa familia nyingi ndiyo karo yenyewe, hamna mpango wa pili, kwa hiyo usimwambie mzazi wa huyo dogo habari za uvumilivu na moyo wa kijasiri wa mtu mwingine.

Hoja ya pili ni mwili. Taiti endi anasimama pembeni kabisa ya mstari wa mbele, kwenye mchezo mmoja anazuia mijitu ya kilo 120 isimfikie kwotabaki, yule mrusha mpira, kwenye mchezo unaofuata anachomoka kukimbia na kudaka mpira kama mtu wa pembeni. Anatakiwa awe na nguvu za mtu wa mstari na mikono ya mdakaji, na ndio maana wengi wanapewa redishati mwaka wa kwanza, mwili wa miaka 18 hautoshi. Sasa mtu wa miaka 26 ameshakomaa mifupa, ameshakaa kwenye gym ya chuo karibu muongo mzima, ameshaona kila aina ya ulinzi, halafu unampanga dhidi ya mtoto aliyekuwa anakula chakula cha mama yake miezi mitatu iliyopita. Hili si suala la kuchekesha, ni usalama.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiona kali zaidi na haisemwi sana. Ruhusa ya kuongezewa miaka inategemea karatasi. Unahitaji rekodi za hospitali, madaktari wa timu, ofisi ya chuo inayojua kuandika ombi kwa lugha ambayo NCAA inaelewa, na kocha anayekutaka. Oregon na Miami wanavyo vyote hivyo. Mchezaji wa chuo kidogo aliyevunjika mguu uleule mwaka uleule, ambaye kocha wake kashapata mwingine, huyo hakuna mtu anayemwandikia ombi, anamaliza kimyakimya na hakuna memu yake. Kwa hiyo unaweza kukubali kwamba McCormick alistahili na bado ukasema mfumo uliompa hauna usawa, na hapo mimi sina la kujibu, ni kweli.

Tukirudi kwenye ile ya kwanza ya viti 85, namba ziko sawa ila mshtakiwa siye. Kilichoziba njia ya madogo wa sekondari kuanzia 2021 na kuendelea si watu wa kuumiaumia kama McCormick, hao ni wachache mno, ni mambo mawili yaliyokuja pamoja. Moja ni ule mwaka wa bure wa korona, ambao ulimpa kila mchezaji aliyekuwepo 2020 msimu wa ziada hata kama alicheza kila mechi mwaka ule. Msimu wa 2021 waliorudi kwa mwaka wao wa ziada hawakuhesabiwa kwenye zile 85, baada ya hapo wakahesabiwa, na timu zikajaa wazee. La pili ni ile poto ya uhamisho, orodha ambayo mchezaji anayetaka kuhama chuo anajiandikisha, ilianza 2018 na mwaka 2021 wakaruhusu mchezaji ahame mara moja bila kukaa nje msimu. Ukiwa kocha ambaye usiposhinda mwaka huu unafukuzwa, utachukua dogo wa sekondari umlee miaka miwili au utachukua mtu wa miaka 22 aliyeshacheza mechi 30 kwingine? Makocha walijibu swali hilo haraka sana. Kwa hiyo dogo aliyekosa nafasi alikosa kwa sababu ya mamia ya watu wa namna hiyo, na McCormick akawa sura ya bango tu, kwa sababu tisa ni namba inayochekesha.

Halafu hata kwenye chumba chenyewe cha mataiti endi pale Miami, ukiangalia nani aliyebanwa, huoni mtu. 2024 taiti endi mkuu alikuwa Elijah Arroyo, kijana ambaye naye alikuwa katoka kwenye jeraha baya la goti, na ndiye aliyekuwa anadaka mipira ya kwotabaki Cam Ward, akachukuliwa raundi ya pili na Seattle Seahawks kwenye drafti ya 2025, pale timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua wachezaji kutoka vyuoni kwa zamu. Ward mwenyewe akaenda namba moja. McCormick kazi yake ilikuwa ile isiyoandikwa gazetini, kuzuia, kufungua njia kwa mtu wa kukimbia, kumsukuma mtu pembeni sekunde mbili ili Ward apate muda. Mipira aliyodaka ni michache. Ukitaka kujua thamani yake kwa takwimu hutaipata, na hilo nalo linawafanya watu waseme sasa miaka tisa yote hii kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya kuzuia. Timu ile ilifunga pointi kuliko timu nyingine yoyote ya daraja la juu nchini msimu ule, ikamaliza na ushindi kumi na vipigo vitatu, na mtu anayezuia vizuri alikuwa sehemu ya hayo hata kama kamera haikumfuata.

Hoja ya umri nayo ina historia ambayo sisi wa huku tunatakiwa kuijua zaidi ya Wamarekani wenyewe. Miaka ya 1970 vyuo vya Marekani vilianza kuleta wakimbiaji wa Kenya, kama Washington State chini ya kocha John Chaplin, na chuo cha El Paso kule Texas, na kelele zilikuwa hizihizi, kwamba hawa ni watu wazima wanashindanishwa na watoto. Henry Rono, Mnandi aliyekuwa anasoma Washington State, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mita 5,000, 3,000 kuruka viunzi na maji, 10,000, na 3,000. Umri wake? Miaka 26, uleule wa McCormick. Na mwaka 1980 NCAA wakapitisha sheria kwamba mashindano rasmi unayoshiriki baada ya kufikisha miaka 20 kabla hujaingia chuo yanakula misimu yako. Haikutaja uraia, ilisema umri tu, lakini wakati ule kila mtu alijua nani amelalamikiwa.

Ilhali Chris Weinke alishinda Heisman, tuzo kubwa kuliko zote ya futiboli ya vyuo, mwaka 2000 akiwa na miaka 28, kwa sababu alitumia miaka yake ya ujana kwenye besiboli ya kulipwa, halafu akaja Florida State na saa yake ya futiboli ikiwa bado mpya. Na chuo cha BYU cha Wamormoni kila mwaka kina wachezaji wa miaka 24, 25, waliotoka kuhubiri miaka miwili, na miaka ile haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo tusidanganyane, suala la umri halijawahi kuwa sheria ya maumbile kule, ni suala la sababu gani inakubalika. Dini inakubalika, jeshi linakubalika, besiboli ilikubalika. Mguu uliovunjika nao ukakubalika, na mimi nauona una nguvu kuliko besiboli mara kumi.

Kuhusu usalama, hapa ndipo wanaopinga wanajikanyaga kidogo. Wanasema mwili wa miaka 26 ni hatari kwa watoto, lakini mwili wenyewe tunaouongelea umefanyiwa operesheni juu ya operesheni kwenye mguu na umekatika kisigino. Huyo si simba aliyeachiwa kwenye zizi. Kama kuna mtu wa kuhofia usalama wake pale ni yeye mwenyewe, na hilo linanipeleka kwenye swali ambalo kwa maoni yangu lilitakiwa liulizwe zaidi kuliko la nafasi: hivi kulikuwa na mtu yeyote, kocha, daktari, mkuu wa idara ya michezo, aliyekuwa na sababu ya kumwambia jamaa imetosha?

Fikiria. Kocha anataka mtu mzima anayejua mfumo wake. Cristobal alimjua tangu Oregon, alijua anaweza kumwekea kwenye chumba madogo wakamwangalia wakajifunza jinsi ya kuishi. Chuo kinapata stori nzuri ya ushujaa kwa ajili ya mitandao yake. Sisi watazamaji tunapata cha kuongelea. Na McCormick mwenyewe anataka kucheza, alitaka kila mwaka, na huyo ndiye wa mwisho ambaye unaweza kumuuliza kama kucheza ni wazo zuri. Hakuna mtu katika mnyororo ule ambaye anafaidika kwa kusema hapana. Sisemi walimfanyia ubaya, mtu mzima anaamua mwenyewe na kaamua, na digrii kaipata Oregon kabla hajahama kwa hiyo hakupoteza kichwa. Nasema tu kwamba kila anaposifiwa kwa kutokukata tamaa mimi nakumbuka kwamba madaktari wanaompima wanalipwa na idara ileile inayomhitaji Jumamosi, siku ya mechi.

Sasa mweke pembeni ya watu wawili uone.

Wa kwanza ni Justin Herbert. Mtoto wa Eugene, mji wenyewe wa chuo cha Oregon, aliingia 2016, mwaka mmoja na McCormick, taiti endi mmoja na kwotabaki mmoja, wote watoto wa jimbo. Herbert alianza kucheza mwaka uleule wa kwanza, akamaliza misimu yake minne kwa kushinda mechi kubwa ya Rose Bowl Januari 2020, Chargers wa NFL wakamchukua namba sita kwenye drafti, na Julai 2023 akasaini mkataba wa dola milioni 262.5. Msimu McCormick anacheza mwaka wake wa tisa wa chuo, Herbert alikuwa kwenye mwaka wake wa tano wa NFL. Tofauti kati yao mnaweza kubishana kuhusu kipaji, lakini sehemu kubwa ni mechi moja na Bowling Green.

Wa pili ni Brock Bowers, na huyu ndiye anayenifanya nione mfumo mzima vizuri. Taiti endi wa Georgia, mtoto wa Napa, California, kazaliwa Desemba 2002. Mwaka wake wa kwanza kabisa, 2021, hakuna cha redishati, anadaka mipira 56 kwa yadi 882 na tachidauni 13, yaani mara 13 kaufikisha mpira mwisho wa uwanja na kufunga, Georgia wanachukua ubingwa wa taifa. 2022 wanachukua tena, fainali wakiwapiga TCU 65 kwa 7, na Bowers anapata tuzo ya John Mackey ya taiti endi bora, 2023 anaipata tena, wa kwanza kuipata mara mbili. Watu wenye macho walijua tangu mwisho wa 2021 kwamba huyu angeweza kwenda NFL kesho asubuhi. Hakuruhusiwa. NFL ina sheria kwamba lazima miaka mitatu ipite tangu umalize sekondari, Maurice Clarett alijaribu kuipinga mahakamani akashindwa kwenye rufaa mwaka 2004, na mpaka leo ipo. Kwa hiyo Bowers akarudi, na Oktoba 2023 kwenye mechi na Vanderbilt akaumia enka, akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani ndani ya mwezi mmoja tu. Alibahatika. Raiders wakamchukua namba 13 mwaka 2024 na mwaka wake wa kwanza kule akadaka mipira 112 kwa yadi 1,194, akavunja rekodi ya yadi ya taiti endi wa mwaka wa kwanza NFL iliyowekwa na Mike Ditka mwaka 1961.

Unaona kinachoendelea? Mchezaji mwenye thamani kubwa anazuiwa kuondoka kabla ya mwaka wa tatu, na huo muda anacheza kwa ajili ya chuo kinachoingiza mamilioni kwa televisheni, huku NFL ikipata mtu aliyekomaa bila kutumia senti kumlea. Mchezaji asiye na thamani hiyo sokoni, anayehitaji muda, yeye ndiye anayeulizwa unafanya nini hapa bado. Saa ni moja lakini inasomwa pande mbili na pande zote hazimfaidii mchezaji. Mtu anayekasirikia miaka tisa ya McCormick na hajawahi kukasirikia mitatu ya lazima ya Bowers, namwona kama hajaliangalia jambo lote.

Pesa nazo. Mpaka Julai 2021 mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupata hela kwa jina lake, hata kutangaza mgahawa. McCormick miaka yake mitano ya kwanza yote iko upande ule wa giza, na milango ilipofunguka, haikupita muda akakatika mshipa wa kisigino. Wanaosema alibaki chuo kula bata kwa pesa mpya sijui wanamwongelea nani, taiti endi wa kuzuia si mtu ambaye makampuni yanagombania sura yake. Kuna wengine ambao hiyo hoja inawahusu kweli, makwotabaki hasa. Diego Pavia wa Vanderbilt alienda mahakamani na Desemba 2024 jaji wa Nashville akamruhusu acheze msimu mwingine, hoja yake ikiwa kwamba miaka ya chuo cha kati isihesabiwe kwani kila mwaka unaozuiwa ni pesa unayonyimwa. Hoja hiyo ina mantiki yake lakini ni ya biashara, ya McCormick haikuwa ya biashara, na ni kosa kuzichanganya kwenye kapu moja la wazee wa chuo kama watu wanavyofanya.

Kuanzia 2025 ile 85 yenyewe imekufa. Baada ya makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA kuhusu malipo, timu zilizoingia kwenye mpango huo zina orodha ya watu 105 na wote wanaweza kupewa skolashipu, na vyuo vinalipa wachezaji moja kwa moja. Watu walidhani madogo watapumua, na kwa kiasi fulani kwenye skolashipu ni kweli, ila walikuwepo wale waliojiunga bila ufadhili, wanajilipia, wanajaza orodha mpaka 120 na zaidi, hao wakaanza kuambiwa wafunge mizigo. Nafasi imehama tu mkononi kutoka kwa maskini mmoja kwenda kwa mwingine.

Na McCormick? Jina lake halikuitwa kwenye drafti ya 2025. Hakuna aliyeshangaa, taiti endi wa miaka 27 mwenye mguu ule timu za NFL zinamwona kama gari lenye kilomita nyingi. Wapinzani wanalitumia hili kama ushahidi kwamba mwaka wa tisa ulikuwa wa bure. Sikubaliani. Chuo hakikuahidi kumpeleka NFL, kilimwahidi misimu minne na masomo, asilimia kubwa ya wanaocheza futiboli ya chuo hawaendi kokote baada ya hapo na hatuwaambii misimu yao ilikuwa ya bure.

Kwa upande wangu mwaka wa tisa alistahili, bila hata kusita. Nilichokuwa nataka kibadilike ni namna unavyotolewa: kama mtu kaumia na ushahidi upo, misimu minne iwe yake moja kwa moja, isiwe fadhila inayoombwa na ofisi ya chuo kikubwa na kusahaulika kwenye chuo kidogo, na daktari wa kusema huyu yuko sawa kurudi atoke nje ya timu. Lakini mjadala unaelekea kwingine kabisa. Tangu 2025 kinachozungumzwa sana ni ile ya mitano kwa mitano, kila mchezaji apewe miaka mitano, acheze yote akiweza, halafu mlango ufungwe, hamna redishati, hamna maombi ya majeraha, hamna kamati. Ni safi, ni rahisi, mawakili wataipenda, na kwa Herbert au Bowers isingebadilisha chochote. Kwa McCormick saa ingeanza 2016 na kugonga mwisho Desemba 2020, mguu ukiwa bado haujapona, akiwa kacheza msimu mmoja na kipande cha mechi moja dhidi ya Bowling Green. Wanaoitaka sheria hiyo waanze kutuambia huyo wangemwambia nini.